Kisiwa kisichokaliwa, mikondo miwili na kaburi moja: kisa cha shehia mbili za Pemba

Kisa hiki ni cha kweli. Nimeondoa jina la kisiwa, majina ya shehia (eneo dogo la utawala la Zanzibar, linaloongozwa na sheha) na ya watu, na baadhi ya alama zinazoweza kumtambulisha mtu nimezibadilisha. Nimekiandika kwa ajili ya masheha, wajumbe wa kamati za wavuvi na wenzangu wanaoitwa kusuluhisha ugomvi wa pwani. Nilikuwa mmoja wa wasuluhishi wawili. Mwenzangu alikuwa ofisa mstaafu wa uvuvi, na mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Kwa hiyo makosa nitakayoyataja ni yangu kama yalivyo ya wengine.

Usuli

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Maji yakiwa yametoka unaweza kukizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Pembeni kina mikoko, katikati ni jiwe tupu la matumbawe lenye mikadi na vichaka, wala hakina maji baridi hata ya kunawia uso. Ndiyo maana hakijawahi kukaliwa na mtu. Kipo ndani ya hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na hori hilo limetenganisha shehia mbili. Nitaziita Mashariki na Magharibi kwa pande zilipo. Maji yanapokifikia kisiwa yanagawika mikondo miwili, mmoja unapita mashariki yake na mmoja magharibi yake, kisha yanakutana tena mbele kidogo.

Kutokaliwa si kutotumiwa. Wanaume wa Magharibi wana ngalawa na mitumbwi, na msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, hupiga dago pale: wanalala siku tatu nne, wanategea madema ya kunasia samaki, wanakausha nyavu, wanapika kwa kuni kavu za mikoko. Wanawake wa Mashariki hawana vyombo. Wao hufika siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakipwa, na ndoo zao na vyuma vya kuchokolea pweza, wakafanya kazi kwenye mwamba ulio kusini ya kisiwa mpaka maji yanapoanza kurudi. Kwa miaka mingi makundi haya mawili hayakukutana sana. Mmoja akija usiku, mwengine amekuja mchana.

Kuna kitu cha tatu ambacho nilichelewa kukijua. Chini ya mikadi kuna kaburi la mvuvi wa Magharibi aliyekufa maji zamani, mwili wake ukaokotwa kisiwani katika hali isiyoruhusu kusafirishwa. Wenzake wakamzika palepale. Ukoo wake huenda kila mwaka kufagia kaburi na kusoma dua.

Kisheria, kisiwa hiki si mali ya shehia yoyote. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya 1992, ardhi ya asili ni ya umma na imewekwa chini ya mamlaka ya Rais. Shehia ina eneo la utawala, na kamati yake ya wavuvi ina eneo la kusimamia uvuvi, basi. Wanakijiji wengi hawakulijua hilo vizuri, na sisi tuliolijua hatukulisema mapema kama ilivyopasa.

Yaliyotokea

Kama shehia nyingi za Pemba katika miaka ya karibuni, Mashariki waliamua kufunga mwamba wao wa pweza kwa miezi mitatu. Utaratibu huu una maana nzuri sana. Pweza wa miambani anakua kwa kasi ya ajabu, maisha yake ni ya mwaka mmoja na kitu, na jike hufa baada ya kulea mayai yake. Ukimwacha miezi miwili au mitatu tu, uzito wake unaongezeka mara kadhaa, na siku ya kufungua watu wanarudi na ndoo zimejaa. Kwa sababu hiyohiyo mwamba uliofungwa unatamanisha kila anayepita karibu.

Kamati ya Mashariki ikachomeka bendera nyekundu kisiwani na kutangaza msikitini kwao. Magharibi hawakuandikiwa barua. Walisikia dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, kwa mdomo, kutoka kwa mnunuzi wa samaki. Wiki ya tano ya kufunga, wavuvi wa dago wa Magharibi walifika kama ada yao na kutega madema pembeni mwa mwamba. Asubuhi doria ya Mashariki ikayachukua. Usiku wa pili yake ngalawa moja ya Mashariki ikakatwa kamba ya nanga, ikakutwa imekwama kwenye mikoko. Hakuumia mtu, lakini Ijumaa ile, baada ya sala, watu walirushiana maneno dikoni ambayo majirani waliooana na kuzikana hawayasemi.

Ndipo sheha wa Magharibi alipotoa karatasi. Ilikuwa nakala ya maelezo ya mipaka ya shehia, na mstari unaohusika ulisema hivi: mpaka utafuata mkondo mkuu wa hori. Karatasi haikusema mkondo mkuu ni upi. Magharibi wakafurahi, kwa sababu mkondo wa mashariki maji yakijaa ni mpana kama ziwa, na ukiwa huo ndio mkuu, kisiwa kinabaki upande wao. Mashariki nao wakafurahi, kwa sababu mkondo wa magharibi ndio vyombo vinapopita saa zote, na ukiwa huo ndio mkuu, kisiwa ni chao. Karatasi moja, na kila upande ukatoka kikaoni ukijiona umeshinda.

Mkataba wa 1890 na kisiwa cha mto Chobe

Niliposoma mstari ule nilikumbuka somo nililofundisha kidato cha nne miaka mingi, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo lililotuongoza, na baadaye ndilo lililotaka kutuponza.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika. Kila mtoto wa skuli wa Zanzibar anaujua kwa upande wake mmoja: ndio uliotufanya nchi iliyo chini ya himaya ya Uingereza, Unguja na Pemba, wakati Sultani Sayyid Ali bin Said akiwa hata mwaka hajamaliza kitini. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, na mwambao wa bara ukaja kulipiwa marki milioni 4. Ambalo hatukufundishwa ni kwamba mkataba uleule, katika ibara yake ya 3, ulichora mpaka kusini mwa Afrika na kuipa Ujerumani ule mkanda mwembamba wa nchi ulioitwa Caprivi, kwa jina la kansela wa Ujerumani aliyeutia saini mkataba. Sehemu ya mpaka huo inafuata mto Chobe, kati ya nchi ambazo leo ni Namibia na Botswana.

Katika mto huo kuna kisiwa kisichokaliwa na mtu, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 3.5 hivi. Wanamibia wanakiita Kasikili, Wabotswana wanakiita Sedudu. Mafuriko huanza kukifunika kiasi cha mwezi wa Machi, na kinabaki majini kwa miezi kadhaa. Mto unakizunguka kwa mikondo miwili, wa kaskazini na wa kusini. Mkataba kwa Kiingereza ulisema mpaka upite katikati ya mkondo mkuu. Kwa Kijerumani ulitumia neno Thalweg, yaani mstari wa vilindi vya mto. Mkondo mkuu ni upi, haukusema. Waliotia saini walikuwa Berlin, na hawakuwa na vipimo vya mto ule.

Maofisa wa kikoloni wa pande mbili walibishana na kuandikiana barua kuhusu kisiwa hicho mpaka miaka ya 1950. Namibia ilipopata uhuru 1990, ugomvi ukawa wa nchi mbili huru. Mei 1992 marais wao walikutana Kasane, mji wa Botswana, Rais wa Zimbabwe akiwepo kama mpatanishi. Hawakuelewana juu ya mpaka, lakini walielewana juu ya jambo moja dogo: shughuli za kawaida za wananchi ziendelee na vyombo vipite bila kizuizi. Wataalamu wa pamoja wakashindwa kukubaliana, na 1996 kesi ikapelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague.

Hukumu ilitoka tarehe 13 Desemba 1999. Mahakama iliangalia kina cha mikondo, upana wake, wingi wa maji yanayopita na hali ya kupitika kwa vyombo. Upana iliupima wakati maji yamepungua, haikuupima wakati wa mafuriko. Kwa kura 11 dhidi ya 4 ikaamua mkondo wa kaskazini ndio mkuu, na kisiwa ni cha Botswana. Namibia ilikuwa na hoja nyengine pia: kwamba Wasubia, kabila la wenyeji wa Caprivi, wamekilima kisiwa hicho kwa vizazi. Mahakama ilikubali kwamba walikitumia, lakini ikasema walikwenda kwa msimu na kwa haja zao za kilimo, si kwa niaba ya dola inayodai kisiwa, na kwa hiyo matumizi yao hayakuzaa umiliki. Kisha, kwa kura zote, ikaamua kwamba katika mikondo yote miwili raia na vyombo vya nchi hizi wapewe haki sawa. Ikaegemea yale makubaliano ya Kasane.

Kwa mwalimu wa jiografia hii ilikuwa kama zawadi. Maneno yaleyale, mikondo miwili, kisiwa kisichokaliwa, na mkataba uleule uliotugusa sisi. Nikamwambia mwenzangu: dawa tunayo, tupime.

Siku ya bildi

Tuliamua kupima mbele ya watu. Sababu ilikuwa moja: takwimu zikitoka ofisini kila upande utasema zimepikwa. Tulichagua bamvua, saa ya maji kupwa, kwa sababu hapo ndipo mkondo unapobaki na maji yake halisi. Maji yakijaa kila kitu kinaonekana bahari.

Tulitumia mitumbwi miwili, na kila mmoja ulikuwa na mtu wa Mashariki na mtu wa Magharibi. Tulikuwa na bildi, yaani risasi ya kupimia kina, yenye kamba iliyofungwa fundo kila nusu pima (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na upondo wa mkoko. Kila mkondo ulipimwa sehemu tatu. Mwenye bildi akitaja kipimo kwa sauti, wawili wanaandika, mmoja wa kila upande, kisha wanasomeana. Kwa kasi ya maji tulitupa makumbi ya nazi na kuhesabu kwa simu muda yanaotumia kutoka mti mmoja wa alama hadi mwengine.

Mkondo wa mashariki haukufika nusu pima mahali popote, na makumbi yalikuwa yanazungukazunguka tu. Mkondo wa magharibi ulitoa zaidi ya pima mbili sehemu zote tatu, na makumbi yalikwenda moja kwa moja. Nahodha mmoja mzee wa Magharibi, aliyekuwa ameshika upondo, akasema bila kuulizwa kwamba yeye maji yakipwa hapiti kwengine ila huku. Nilifurahi sana kumsikia. Nikadhani kazi imekwisha.

Tulipotia nanga, wachokoaji watatu wa Mashariki walikuwa wanatoka mwambani na ndoo zao. Mmoja akatuuliza tunafanya nini na kamba ile. Nikamweleza.

"Maalim, mngetuuliza sisi msingepoteza mafuta yenu," akasema. "Huu wa upande wetu tunauvuka kwa miguu kila bamvua. Maji yanatufika magotini, tukichelewa kiunoni. Ule wa pili hajauvuka mtu."

Alikuwa sahihi, na ushahidi wake ulikuwa mwepesi kuliko wote: mkondo unaovukwa na mtu aliyebeba ndoo hauwezi kuwa mkuu kuliko usiovukika. Wanawake hawa hawakuwa wameitwa kwenye kikao chochote. Tuliita wavuvi, na kichwani mwetu mvuvi ni mwenye chombo.

Kikao kilichotaka kuvunjika

Jioni yake tuliwakusanya watu chini ya mwembe wa skuli, wanaume mbele, wanawake wachache nyuma. Nikasoma vipimo. Hakuna aliyebisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyeviandika. Hapo ningenyamaza. Lakini nilitaka Magharibi waone kwamba hawakuonewa, kwamba hata nchi zilizo huru zimekubali hukumu ya namna hii. Nikawasimulia Kasikili yote, mpaka pale mahakama iliposema matumizi ya Wasubia hayakuzaa umiliki.

Mzee mmoja wa Magharibi akasimama. Alikuwa wa ukoo wa yule aliyezikwa kisiwani, nami sikujua.

"Maalim, nimekusikia. Wale watu wamelima pale tangu mababu, na mahakama imewaambia walikuwa wapita njia. Sasa na sisi tuambie. Yule tuliyemlaza pale, tumhamishe?"

Sikuwa na jibu. Vijana wa Magharibi wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kelele, na hiyo ni mbaya kuliko kelele. Sheha wao akaniangalia kama mtu aliyemwamini mgeni akamwangusha mbele ya watu wake. Nimekiongoza kikao kile kichwani mwangu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nanyamaza baada ya vipimo.

Aliyeokoa jioni ile ni mwenzangu. Hakujaribu kutetea nilichosema. Alimwomba mzee amsimulie marehemu: alikuwa nani, alikwenda kuvua nini, nani alimwosha. Mzee akasimulia. Ikabainika kwamba sanda ilitolewa na nyumba moja ya Mashariki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na kwamba maji ya kumwoshea yalibebwa na wanawake wa Mashariki waliovuka kwa miguu. Wazee wawili wa Mashariki waliikumbuka siku hiyo. Mwenzangu akasema mambo ya mpaka tuyaache mpaka kesho, na leo tusomeane dua. Tukasoma, tukaachana.

Asubuhi ya pili: kwa nini sasa?

Usiku ule sikulala vizuri. Kilichonisumbua, mbali na aibu, ni swali ambalo tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza. Dago na wachokoaji wameishi pamoja miaka yote hiyo. Bendera nyekundu peke yake haiwezi kuzaa karatasi za mipaka. Kwa nini sasa?

Jibu tulilipata kwa kijana wa Mashariki anayepakia mizigo dikoni. Miezi michache nyuma walikuja wageni wawili na boti ya kukodi, wakarusha kamera inayoruka juu ya kisiwa, wakapiga picha na kuondoka. Kuanzia hapo ukaenea uvumi kwamba kisiwa kinataka kujengwa hoteli, na kwamba shehia itakayokuwa nacho ndiyo itakayopata ajira na fedha za maendeleo. Masheha wote wawili walikuwa wameusikia. Hakuna aliyeutaja kikaoni, kila mmoja akiogopa kumzindua mwenzake.

Tulikwenda na masheha wote wawili, kwa gari moja, kwenye ofisi ya ardhi kuuliza. Hakukuwa na ombi lolote juu ya kisiwa kile. Tukaelezwa vilevile, kwa maneno mepesi, kwamba hata lingekuwepo, kisiwa si cha shehia kukitoa wala kukizuia peke yake, na mpaka wa shehia haumpi mtu hati. Njiani kurudi masheha walikuwa wanazungumza habari za karafuu. Nilijua tumepata mlango.

Tulichoamua, na kwa nini

Tulivitenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilivichanganya: mstari unapita wapi, na nani anafanya nini kisiwani. Safari hii tukaanza na la pili. Wachokoaji waliitwa kwa idadi sawa na wenye vyombo, kutoka shehia zote mbili, maana ilidhihirika kwamba hata Magharibi kuna wanawake wanaochokoa pweza, ila huomba kuvushwa kwa mtumbwi.

Kaburi lilitangulia. Ikakubaliwa kwamba jamaa wa marehemu wanakwenda wakati wowote bila kumuomba mtu ruhusa, mwamba ukiwa umefungwa au umefunguliwa, na kwamba pale kwenye mikadi hapakatwi kitu wala hapajengwi kitu. Hili lilipita bila mjadala, na baada yake nyuso zilibadilika. Dago likafuata: Magharibi wataendelea kulala kisiwani msimu wa kaskazi, watawaarifu Mashariki siku ya kwanza, watatumia kuni zilizoanguka tu, na wakati wa kufunga mwamba madema yatategwa upande wa kaskazini wa kisiwa. Mikondo yote miwili itapitwa na kila mtu. Hapa niliwaeleza ile sehemu ya hukumu ambayo jana yake niliisoma kwa haraka, kwamba haki sawa kwenye maji ya Chobe ilitokana na watu wenyewe waliokubaliana Kasane miaka saba kabla ya hukumu. Wakaipenda.

Kufunga na kufungua mwamba kukawa kazi ya kamati mbili kwa pamoja, na siku ya kufungua wachokoaji wa pande zote wanaingia kwa wakati mmoja.

Baada ya hayo yote kuandikwa ndipo tuliporudi kwenye mstari. Mkondo wa magharibi ni mkuu, kwa hiyo kisiwa kinahesabiwa katika eneo la kusimamiwa na kamati ya Mashariki. Jambo lililotaka kuvunja kikao cha kwanza lilichukua kama dakika kumi. Mzee mwenye kaburi ndiye aliyesema, "Andikeni, tumeona wenyewe bildi."

Madema yalirudishwa. Kamba ya nanga ililipwa na kamati ya Magharibi, bila kutajwa nani aliikata. Wengine walitaka atajwe. Tuliona kumtaja kungefungua ugomvi wa nyumba kwa nyumba, na mpaka leo naamini tulifanya sawa, ingawa mwenye ngalawa hakuridhika na haki yake hiyo naitambua.

Matokeo

Ufunguzi wa kwanza wa pamoja ulikwenda vizuri. Wanawake waliingia mwambani kwa pamoja, pweza walikuwa wakubwa, na mnunuzi alilazimika kupandisha bei kwa sababu safari hii hakuweza kuigeuza shehia moja dhidi ya nyengine.

Kaskazi iliyofuata kulitokea kasoro. Wavuvi wa dago kutoka wilaya nyengine walikuja, wakapiga kambi wiki nzima na kukata mikoko mibichi. Mashariki walidhani ni wageni wa Magharibi walioarifiwa, Magharibi walidhani Mashariki wanasimamia kwa kuwa eneo ni lao. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Makubaliano yetu yalikuwa ya watu wawili na hayakuwa na neno hata moja juu ya mtu wa tatu.

Na baada ya kusi, upepo wa kusini, mchanga ulisogea kwenye mdomo wa mkondo wa magharibi. Kina kimepungua hapo, si sana, lakini wapo Magharibi walioanza kusema mkondo mkuu unahama. Hatukuandika kama mstari utabaki ulipopimwa siku ile au utafuata maji yanapokwenda.

Uchambuzi

Kupima mbele ya watu kulifaa, na ningelifanya tena hata baada ya kujua kwamba wachokoaji walikuwa na jibu. Ushahidi wa yule mama ulikuwa wa kweli lakini ulikuwa wa Mashariki. Bildi ilikuwa ya wote, na nahodha wa Magharibi alikiri kwa mdomo wake kwa sababu mkono wake ulikuwa kwenye upondo. Hata hivyo, kama tungewaita wachokoaji kwanza, tungejua wapi pa kupima na nini cha kutegemea, na tungejua habari za kaburi, maana wao ndio waliobeba maji ya kumwoshea marehemu.

Kosa kubwa lilikuwa la mpangilio, na lilikuwa langu. Nilichukua kutoka kesi ya Chobe sehemu ya mahakama nikaacha sehemu ya Kasane. Marais wale walilinda njia na kazi za watu kwanza, na miaka saba baadaye mstari ulipochorwa, ulikuta kuna kitu cha kuegemea. Mimi nilichora mstari kwanza na kuwaacha wavuvi wa dago wakijiuliza watalala wapi kesho. Mtu asiyejua hatima ya matumizi yake hawezi kukubali vipimo hata akiviona kwa macho.

Tena hukumu ile ilikuwa ya dola mbili. Wasubia hawakuwa upande wa kesi. Katika majaji wanne waliopinga alikuwemo Weeramantry wa Sri Lanka, makamu wa rais wa mahakama, naye katika maoni yake alizungumzia haja ya kukitunza kisiwa na viumbe wake kwa ushirikiano. Hiyo ingewafaa watu wangu chini ya mwembe kuliko kura 11. Kuwasomea wanyonge hukumu iliyowashinda wanyonge wengine, ukidhani unawafariji, ni ukatili hata kama nia ni njema.

Swali la kwa nini sasa lilichelewa siku mbili. Karatasi ilituvuta, nasi tukaifuata. Ugomvi wa ardhi tupu karibu kila mara umeanzishwa na kitu kinachotarajiwa kuja, na kwenye visiwa vyetu vidogo siku hizi kitu hicho mara nyingi ni uvumi wa mwekezaji. Safari moja ya ofisi ya ardhi, masheha wakiwa gari moja, ilifanya kazi kuliko vikao viwili.

Kuhusu wageni wa dago na mchanga, kamati mbili zimekaa tena. Kwa wageni, wamekubaliana kwamba atakayewaona kwanza ndiye atakayewaendea, awe wa shehia gani. Mchanga bado una ubishi. Mashariki wanataka mstari ubaki pale ulipopimwa, Magharibi wanataka upimwe kila baada ya miaka mitatu. Kwa sasa wameafikiana kupima mara moja tena, bamvua ya kwanza baada ya kusi kutulia, na siku yenyewe watachagua wachokoaji. Bildi imewekwa kwa yule mama aliyetuuliza tunafanya nini na kamba.